Jaketi Kubwa la Njano

Jaketi lilifika kabla ya mwenyewe.

Lilikuja likielea taratibu, la njano, kubwa, mabizimu yake yote mawili yamefungwa mbele kana kwamba mtu bado yumo ndani, likagota kwenye mwamba ulio chini ya kituo cha boti na kuanza kuzunguka pale pale. Mpishi wa kituo alikuwa akisugua sufuria ukingoni. Alidhani ni mgeni anaogelea, akampungia mkono. Alipoona hakuna kichwa juu ya ile kola, aliachia sufuria ikaenda na maji, na ukelele alioupiga ulisikika mpaka barabarani.

Mwenyewe alipatikana karibu saa sita mchana, kwenye dimbwi tulivu chini ya maporomoko. Alikuwa fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na kidogo, ambaye wenzake kazini walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Waogeleaji wa kituo walimlaza kwenye nyasi na kumfunika kwa turubai. Miguu yake ilibaki nje, kucha zimepakwa rangi nyekundu mbichi kabisa, kazi ya jana yake. Inspekta wa polisi aliyefika aliziangalia zile kucha, akajikuta ameshika kiuno kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Miaka yote ya kazi alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini hakuwa ameona maiti iliyojiandaa vizuri namna ile kwa ajili ya matembezi.

Tena lilikuwapo jambo la pili. Nahodha wa boti ile, kijana aliyekuwa amekaa juu ya boti iliyopinduliwa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viatu, alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Alimlea yeye. Alimfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

"Shangazi," kijana alisema alipomwona.

"Hapa mimi ni Inspekta."

"Ndiyo, Shangazi."

Inspekta hakujisumbua kumrekebisha tena. Alikuwa ameshampigia simu Mkuu wake na kumwambia ukweli, kwamba mshukiwa ni damu yake. Mkuu alikohoa, akasema hana mtu mwingine wa karibu, basi aanze yeye. Yeye Mkuu angefika jioni kuichukua kesi. "Lakini usijidanganye," alimalizia. "Mgeni amekufa akiwa na jaketi la kampuni, nahodha ni huyo. Nikifika hapo, kijana analala ndani." Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Alikuwa na mchana mmoja wa kujua kilichotokea, na hofu moja, kwamba akikijua atatamani asingekijua.

Alianza na mpwa wake, kwa kuwa majibu yake ndiyo aliyoyaogopa zaidi.

"Nieleze. Usinifiche."

Kijana alijifuta uso kwa kiganja kilicholowa. Wageni walikuwa wanne, alisema, wote wa karakana moja ya kushona sare. Wiki iliyopita kituo kiliwapelekea majaketi ya kuokoa maisha yaliyolegea mikanda, nao wakayatengeneza yote vizuri. Meneja wa kituo akafurahi, akawaalika waje siku nzima mtoni, wateremke maporomoko bure. Walikuja asubuhi kwa gari la bosi wao, wakiimba.

"Uliyakagua majaketi?"

"Kila moja. Nasimama mbele ya mtu, nashika mabega ya jaketi, navuta juu kwa nguvu. Likipanda, nakaza. Lile la njano nililivuta pia. Lilishika."

"Lilikuwa saizi yake?"

Hapo kijana aliangalia viatu vyake vilivyolowa.

"Lilikuwa kubwa, Shangazi. Ni la mtu mnene, tunalo moja tu. Nilimwambia avue. Akasema yeye ndiye mwoga kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye avae kubwa, kwani kubwa ndilo linaloelea zaidi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikakaza mikanda mpaka mwisho, nikaacha."

"Ukaacha."

"Nikaacha."

Inspekta aliliandika neno hilo, na kalamu ilikuwa nzito. Kisha akauliza kuhusu maporomoko yenyewe.

Boti ya mpira ilipinduka mahali inapopinduka mara nyingi, kijana alisema, penye jiwe linaloitwa Meza. Kupinduka ni sehemu ya raha. Watu hulipia kupinduka. Wote waliibuka wakikohoa na kucheka, na jaketi la njano likaibuka peke yake.

"Kabla ya hapo hukuona chochote cha ajabu?"

"Hapana. Ila dada wa marehemu hakuwa anapiga kasia. Mkono mmoja alikuwa ameshika mkanda wa mdogo wake tangu tuondoke. Boti ikawa inavutwa upande mmoja. Tulipokaribia Meza nikampigia kelele, 'Mikono miwili!' Akaachia, akashika kasia. Ndiyo kanuni, Shangazi. Kila mtu mikono miwili."

"Najua," Inspekta alisema, ingawa hakuwa anajua lolote kuhusu makasia. "Kaa hapo. Usiongee na mtu."

Katika ofisi ndogo ya kituo, ambako feni ilikuwa ikipiga kelele nyingi na kutoa upepo kidogo, jaketi la njano lilikuwa limelazwa juu ya meza. Ni la aina ya kuvalia kichwani, kipande mbele na kipande nyuma, na mikanda miwili mipana inayotoka mgongoni na kufungwa tumboni ili lisipande. Mabizimu yalikuwa yamefungwa barabara. Kilichotoka ni mikanda yenyewe, kule mgongoni, mahali inapoanzia chini ya kipande cha kitambaa kilichokunjwa. Yote miwili iling'oka mashinani, na kipande kile cha kitambaa kilikuwa kimeifunika mizizi yake kiasi kwamba Inspekta alilazimika kukifunua kwa kidole ili aone.

Kwenye skrini ya kompyuta ya ofisini ilikuwa imebaki picha. Mpigapicha wa kituo huwapiga wageni kabla hawajapelekwa kwa gari juu ya mto kuanza safari, kisha huwauzia wakitoka. Wale wanne walikuwa wamesimama ukingoni na kofia zao ngumu. Bosi ameshika tumbo kwa kicheko, pembeni yake kijana mrefu ameinama akicheka, na katikati Chiriku amepotea ndani ya lile jaketi kama mtoto aliyevaa koti la baba yake, ulimi nje. Dada yake peke yake hakuwa anaangalia kamera. Alikuwa anauangalia mgongo wa mdogo wake, mkono wake umewekwa pale. Inspekta alifikiri, masikini, alivyompenda. Macho yalimlowa, akaizima ile skrini.

Dada mtu alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, kwenye benchi, ndala za mdogo wake mapajani. Macho yake yalikuwa makavu. Hakulia wala hakutetemeka, alikaa tu kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Pole sana, mwanangu," Inspekta alisema, akakaa kando yake.

"Ahsante."

"Najua si wakati mzuri wa kuuliza."

"Uliza tu."

"Wewe ulikuwa karibu naye. Uliona nini?"

"Tulipinduka. Nilipotoka juu nikamtafuta. Nikaona jaketi." Alizipanga zile ndala, ya kushoto juu ya ya kulia, kisha akabadilisha. "Inspekta, yule nahodha mmemkamata?"

"Bado."

"Msimkamate. Yule kijana hana kosa. Hana kosa lolote."

Inspekta alihisi kitu kikilegea kifuani, raha kabisa, na papo hapo akaona aibu kuhisi raha mbele ya mfiwa. Alimshika mkono yule dada. Ulikuwa wa baridi, na ncha ya kidole cha kati imeota sugu ya sindano. "Mungu akubariki," alimwambia, na alimaanisha.

Aliyefuata ni yule kijana mrefu wa kwenye picha. Huyu alikuwa mkataji wa vitambaa pale karakana, na jina lake la kazini lilikuwa Mkasi. Alilia waziwazi, makamasi na yote, bila kujali.

"Mimi ndiye niliyemfunga mabizimu," alisema. "Kwa mikono yangu. Nikamwambia, Chiriku, humu ndani tunaingia wawili, nipe nafasi. Akacheka. Nilitaka kumwambia leo, Inspekta. Tukitoka majini. Nilitaka kumwambia kwamba ... basi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima."

Inspekta alimsubiri apenge kamasi. Halafu akalisukuma jaketi mbele yake, akafunua kile kipande cha nyuma.

"Wewe ni mtu wa kazi. Niambie hapa palitokea nini."

Mkasi aliinama. Mwanzoni alitazama kama mtu asiyetaka, kisha kama fundi. Kilio kilikatika ghafla. Akavuta kwa kucha kijiuzi cheupe kilichobaki kwenye tundu.

"Hapana," alisema. "Haiwezekani. Hii ni bandi."

"Nini?"

"Bandi. Mshono wa mkono, hatua ndefu, wa kushikiza nguo kwa muda mteja aje aijaribu. Baadaye unaifumua, unapiga cherehani. Uzi wake wa pamba, dhaifu makusudi. Angalia, matundu ya mashine yapo hapa, madogo madogo, yamebanana. Kwa hiyo ilishonwa vizuri, na mashine. Halafu mtu akafumua ule uzi wa nailoni wote, akarudishia bandi. Hata fundo hakuweka, mkia wa uzi ameurudisha nyuma na kuuficha katikati. Ndivyo sisi wote tulivyofundishwa. Fundo linaharibu kitambaa."

"Ukiivuta mara moja inashika?"

"Akiipiga mara mbili, inashika. Maji yakikuzungusha, haishiki." Sura yake ilibadilika rangi alipoyasikia maneno yake mwenyewe. "Inspekta, nani angemfanyia Chiriku hivi?"

Inspekta naye alikuwa amepigwa na butwaa. Alikuwa amekuja kutafuta uzembe, akihofia ni uzembe wa nani. Sasa alikuwa na mauaji mkononi. Na alijua, kwa namna iliyomtisha kidogo, kwamba sehemu ya nafsi yake ilikuwa inashukuru.

"Nani alishona mikanda hii kwa mashine?"

"Bosi mwenyewe. Ile cherehani nzito hamwachii mtu. Kisha yakatundikwa ukutani siku mbili kabla ya kuchukuliwa. Hapo yeyote angeweza kuyashika."

"Na nani alimpa Chiriku jaketi la njano?"

Mkasi alikaza taya. "Bosi. Alilivua mwilini mwake, akamvalisha."

Bosi aliingia ofisini kwa upana, akakaa kwenye kiti kikalalamika. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, ila leo sauti ilikuwa imepasuka katikati. Alijieleza kabla hajaulizwa. Wafanyakazi wake ni watoto wake. Hili pigo litammaliza. Marehemu mama wa hawa mabinti alikuwa mpiga pasi wake, mama mwema, alikufa kwenye ule moto wa karakana mwaka juzi, na yeye ndiye aliyegharamia mazishi.

"Moto ule ulikuwa wa umeme," aliongeza. "Na mlango wa nyuma ulikwama kwa joto. Polisi wenyewe waliandika."

Inspekta aliitikia kwa kichwa na kuliacha hilo lipite, lakini alilisikia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mlango.

"Mikanda ya jaketi la njano ulishona wewe?"

"Mimi. Mistari minne. Unaweza kumning'iniza ng'ombe."

"Ilifumuliwa. Ikarudishiwa bandi."

Bosi alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyeambiwa jambo la kipuuzi. Kisha akalivuta jaketi, akatazama, na kicheko kikaishia njiani.

"Kwa nini ulimpa Chiriku?" Inspekta alimuuliza. "Ulilivua mwilini mwako ukampa. Kwa nini?"

"Alinililia! 'Bosi, nipe hilo kubwa, mimi naogopa.' Yule mtoto ungemkatalia nini? Nikajibana kwenye jekundu, nikawa siwezi hata kupumua. Tukacheka."

"Kama asingelililia, nani angelivaa?"

"Mimi. Nani mwingine mwenye tumbo hi ..."

Hakumaliza. Mkono wake ulibaki juu ya tumbo. Feni ilipiga kelele zake. Inspekta aliona jasho likimchomoza Bosi juu ya mdomo, tone baada ya tone, na akaona kitu kingine pia, kwamba hofu ile haikuwa na mshangao ndani yake. Ilikuwa kama hofu ya mtu aliyekuwa akisubiri hodi.

"Unaogelea, Bosi?"

"Kama jiwe. Kila mtu karakana anajua."

"Nani anataka ufe?"

"Sijui," alisema haraka mno.

Inspekta alitoka nje. Alikwenda ukingoni, akasimama peke yake mahali ambapo wageni hupiga picha. Mto ulikuwa ukipita kwa makelele yale yale, kama haukuchukua kitu.

Mtego ulikuwa umetegewa Bosi. Basi Bosi siye aliyeutega. Mkasi aligombana na Bosi mara ngapi, hilo angeweza kuuliza, lakini Mkasi alimfunga Chiriku mabizimu kwa mikono yake, akicheka, na mtu anayejua kilicho chini ya kile kitambaa hawezi kumfunga hivyo mwanamke anayempenda. Mpwa wake hajui sindano inashikwaje. Alibaki mmoja, na huyo hawezekani. Inspekta alikasirika na akili yake kwa kumletea jina hilo. Lakini akili ikiwa imeshika njia hairudi kwa kukemewa. Akarudi ofisini, akaiwasha ile skrini.

Watu wanne. Watatu wanacheka. Mmoja ameweka mkono mgongoni kwa mdogo wake, kiganja kimekandamiza kile kipande cha kitambaa, pale hasa inapoanzia mikanda. Hakuwa anambembeleza. Alikuwa ameishikilia.

Alimwita Mkasi mlangoni. "Kuna mtu yeyote aliyemwambia Chiriku avue lile jaketi? Mbali na nahodha?"

"Dada yake. Mara mbili, tatu. Alimwambia linambana, mara linanuka. Tukamtania kwamba anamwonea wivu. Linambana vipi na ni hema?"

Inspekta alifumba macho. Akasikia tena ile sauti kavu kwenye benchi: yule kijana hana kosa, hana kosa lolote. Mtu aliyefiwa hasemi hivyo. Mtu aliyefiwa humlaumu nahodha, hulaumu kampuni, hulaumu hata mto. Katika miaka yake yote hakuna mfiwa aliyempa jibu alilolitaka, na leo alipopewa alishukuru, akamshika mkono na kumwombea baraka. Alijiona mjinga mpaka masikio yakamwaka.

Ilipokaribia saa kumi aliwakusanya katika banda la vifaa, penye makasia yaliyopangwa ukutani na majaketi yaliyotundikwa yakichuruzika. Bosi alikaa juu ya kreti. Mkasi alisimama. Dada mtu alikaa na mkoba wake na zile ndala. Nje ya mlango ulioachwa wazi, mpwa wake alikuwa bado juu ya boti yake.

"Mikanda ilifumuliwa karakana," Inspekta alisema, "na aliyeifumua alimkusudia Bosi. Hilo sasa tunalijua."

Mkasi aligeuka kumtazama Bosi. Dada mtu hakugeuka.

"Wewe ulimwambia mdogo wako avue lile jaketi," Inspekta alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulimwambia tena na tena. Uliona kasoro gani?"

"Lilikuwa kubwa."

"Ulimwambia linambana."

Dada mtu alizigeuza zile ndala mapajani.

"Mimi nilikuwa nalo mezani, nikiwa na miwani, na sikuona kitu mpaka nilipofunua kitambaa kwa kidole. Nahodha alilivuta, hakuona. Mkasi alilifunga, hakuona. Wewe ulisimama pembeni ukaona. Halafu kwenye boti ulipiga kasia kwa mkono mmoja, kwani wa pili ulikuwa umeishika mikanda isitoke. Niambie, mwanangu. Niambie nimekosea."

Alikuwa anaomba kweli. Alitaka ajibiwe kwamba amekosea.

Dada mtu alifungua mkoba wake. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua taratibu kwa vile vidole vya fundi, akakiweka sakafuni mbele ya Bosi. Lilikuwa kufuli, jeusi kwa moto, limeungua hata maandishi yamefutika. Lilikuwa limefungwa.

"Nililikuta ndani ya kopo la vyuma chakavu, chini ya cherehani yako," alimwambia Bosi. "Wiki ile ile yalipokuja majaketi. Ulisema mlango ulikwama. Kufuli halijifungi lenyewe, Bosi. Ulimfungia mama ndani. Ulikuwa unatufungia wote kila mchana tusitoke kabla ya saa, na siku ile ukaenda kula na ufunguo mfukoni. Na kwenye mazishi ukatushika mabega."

"Sikujua kama yumo!" Bosi alipiga ukelele. "Wallahi sikujua, nilidhani wote wametoka mbele!"

"Alikuwa anapiga pasi. Pasi ipo nyuma. Ulijua."

Mkasi alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Lakini Chiriku," alisema. "Chiriku, dada! Ulimwona amelivaa! Nilimfunga mbele ya macho yako!"

Hapo ndipo ule ukavu ulipopasuka. Hakikutoka kilio, ilitoka sauti ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwa binadamu na hakupenda kuisikia tena.

"Sikumwambia habari za kufuli," dada mtu alisema alipoweza kusema. "Angeongea. Yule hawezi kuweka siri hata ya zawadi. Nikasema nimalize kwanza, kisha nitamwambia. Ningemwambia, asingeligusa lile jaketi. Asingekuja hata huku." Alimeza mate. "Alipolivaa nikasema, nitamtoa. Nikamwambia avue. Akanitolea ulimi. Nikasema basi, nitasema kweli sasa hivi. Na Bosi yuko pale anacheka, na mama yuko chini. Nikasema, nikimshika vizuri haendi popote. Nitamshika mpaka mwisho wa mto."

"Ulikuwa na nafasi ya kusema," Inspekta alisema.

"Nilikuwa nayo njia nzima."

Maji yalidondoka kutoka kwenye majaketi hadi sakafuni.

"Na nilimshika, Inspekta. Sikumwachia hata mkono ulipokufa ganzi. Mpaka nahodha akanipigia kelele. Mikono miwili. Maisha yangu yote nikiambiwa kwa sauti ile nafanya, shona nashona, fumua nafumua. Kabla sijafikiri, mkono ulikuwa umeshaachia."

Kitu kilianguka nje. Inspekta aligeuka. Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni, kasia likiwa miguuni pake, na haikujulikana alikuwa pale tangu lini.

Mkuu alifika jua likiwa bado juu, akiwa na uso wa mtu aliyekuja kumkamata kijana mmoja. Aliondoka na watu wawili, mwanamke aliyepanda gari mwenyewe bila kusukumwa na mwanamume mnene aliyedai wakili mpaka mlango ulipofungwa. Kufuli liliwekwa kwenye mfuko wa plastiki. Mkasi alibaki, akaomba apewe zile ndala, akapewa. Kabla ya kuondoka Mkuu alimpiga Inspekta begani, akasema kazi nzuri, kijana wako ataandikiwa onyo kwa lile jaketi kubwa, basi, amepona.

Inspekta alikwenda kumwambia. Mchana kutwa alikuwa amelisubiri neno hilo, alikuwa ameliombea, na sasa lilikuwa mdomoni mwake kama kitu kisicho na ladha.

Alimkuta bandani. Kijana alikuwa amelishusha jaketi la kwanza kwenye msumari, amelikanyaga chini kwa mguu mmoja na kuuvuta mkanda wake kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemsimama. Ulishika. Akalitupa pembeni, akachukua la pili.

"Uko huru," Inspekta alimwambia. "Twende nyumbani."

"Alikuwa amemshika, Shangazi."

"Hukujua. Ungejuaje?"

"Alikuwa amemshika, na mimi nikamwambia aachie."

Inspekta alivua viatu vyake vilivyolowa, akaketi sakafuni kwenye maji karibu naye. Kijana aliuvuta mkanda wa pili, ukashika, akachukua jaketi la tatu. Inspekta alinyoosha mkono akashika upande wa pili, wakavuta pamoja.